Kisicho na Mgongo ni cha Wangui

Jumapili, Agosti 2009. Kitengela.

Asubuhi ya baridi na vumbi. Ni ile baridi ya Agosti isiyoleta mvua, unavaa sweta na bado unamwagia uwanja maji ya kufulia ili vumbi litulie. Ng'ombe wamepita tena hapa Noonkopir, mbavu nje, wakitafuta majani ambayo hayapo hata kwenye ua wa kanisa. Nimewatazama dirishani na kikombe cha chai mkononi, kisha nikarudi kutazama kitu ambacho nimekuwa nikikitazama siku zote hizi: kitabu kilicho juu ya meza, ambacho bado sijakivua koti.

Nina wivu.

Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilione vizuri. Nimelipa majina mengine tangu turudi kutoka Kajiado. Nimesema ni uchovu. Nimesema ni mafua. Mama ameniuliza mbona siku hizi siendi kwa Wangui, nikamwambia kazi imezidi kwenye duka la dawa. Mama alinitazama tu kwa namna anavyotazama nyama asiyoiamini.

Naandika haya kwenye saiba nyingine ya intaneti, ile ya karibu na stendi, ambako herufi A haitoki mpaka uigonge kwa hasira. Leo hasira ninayo ya kutosha. Kwa kawaida huandikia kwenye saiba ya Wangui, kompyuta ya pembeni, na yeye huniletea chai bila kuulizwa. Lakini siwezi kuandika kuhusu mtu huku nakunywa chai yake. Na zaidi ya hayo, ukutani mwake sasa hivi kuna baba yangu.

Kama umepotea ukajikuta kwenye blogu hii, acha nikueleze.

Mimi nakusanya vitabu vya zamani vya shule, hasa vile vya kwanza vya kusomea, vyenye picha ya kuku na neno kuku chini yake. Wangui anakusanya makaratasi. Kadi za harusi, tiketi za mabasi yaliyokufa, vibandiko vya viberiti, ratiba za mazishi, matangazo ya mnada wa ng'ombe, na juu ya yote hayo, kalenda za maduka. Mwanzoni nilimcheka. Nilimwita Mama Makaratasi, naye akaniita Mama Mende, kwa sababu ya vitu vinavyotoka ndani ya vitabu vyangu nikivifungua. Tukawa marafiki hivyo.

Tulipoanza kwenda pamoja kwenye nyumba za watu kutafuta, tuliweka sheria ili tusije tukagombana. Chenye mgongo ni changu. Kisicho na mgongo ni chake. Mgongo wa kitabu kila mtu anaujua, pale kurasa zinaposhonwa. Karatasi haina mgongo. Sheria ilikuwa rahisi na ilitufaa miaka yote hii, na ni mimi niliyeitunga. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Sasa koti. Kila aliyesoma shule za huku anakumbuka Januari. Kalenda ya mwaka uliokwisha inatolewa ukutani, inakatwa, inafunikishwa vitabu vya shule, upande mweupe ukiwa nje ili jina na darasa viandikwe vizuri. Ndiyo sababu kalenda za maduka hazipatikani kabisa. Vitabu vilizila. Mimi nikipata kitabu, kitu cha kwanza ni kukivua hilo koti, kwa ukucha, polepole, kwa sababu ninachotaka ni jalada lenyewe lililo chini. Koti nampa Wangui. Sijawahi hata kuligeuza nione lilikuwa nini.

Na baba. Nyumbani tulimwita Aabo. Alikuwa na duka Kajiado mjini, upande wa reli. Aliuza sukari, mablanketi, shuka, tumbaku, mafuta ya taa, na wateja wake wengi walikuwa watu wa mifugo waliokuja siku ya soko. Hakupenda picha. Alisema uso wake ameshauona kwenye kioo na haoni sababu ya kuurudia. Lakini maduka mengine yalikuwa yanawapa wateja kalenda kila mwisho wa mwaka, na wateja wakaanza kumsema kwamba Hassan ni mkono wa birika. Basi miaka ile ya tisini ikianza akaita mpiga picha, akasimama mbele ya mlango wa duka, akachapisha kalenda. Mara moja tu. Hakurudia tena.

Kwetu ilikuwa ukutani kama kwa wengine. Na Januari ikafika kama kwa wengine. Mama aliishusha akanifunikia vitabu vya darasa la tatu.

Alipofariki, kitambulisho chake kilirudishwa serikalini, kama inavyotakiwa. Baada ya hapo hatukuwa na uso wake popote. Nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka vizuri ni mgongo wake, ameinama juu ya gunia la sukari, shati limeshikana na jasho. Uso nimekuwa nikiuokota kutoka kwenye nyuso za ndugu zangu, pua ya huyu, paji la yule, na kila mwaka unazidi kufifia. Wangui anayajua haya yote. Nilimwambia mwenyewe, kwenye kompyuta ya pembeni, chai mkononi. Nilimwambia kwamba katika kalenda zote anazozitafuta, ipo moja ambayo ningeitaka mimi.

Jumamosi moja, wiki chache zilizopita, tulikwenda Kajiado kwa Mwalimu Lemayian. Ni mwalimu mstaafu, na ng'ombe wake wamekwisha kwa ukame huu, sasa anahamia Kimana kwa mwanawe ambaye ana shamba la vitunguu na maji ya mfereji. Alituma neno kwamba ana sanduku la vitabu ambalo hataki kulibeba. Tulimpelekea sukari na majani ya chai. Alitupokea mlangoni kwa "Takwenya", tukaitikia "Iko", na Wangui kama kawaida akaitikia kwa sauti kubwa kupita kiasi, mpaka mzee akacheka.

Ndani ya sanduku kulikuwa na kitu ambacho nimekitafuta tangu nianze kukusanya. Kitabu cha kwanza cha kusomea Kimaasai, kilichochapishwa na wamishenari kabla ya uhuru, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Vyote viwili vimevaa makoti meupe yaliyogeuka rangi ya chai, na mwandiko wa Mwalimu juu yake. Nilikaa barazani nikakivua kile cha kwanza, ukucha kwa ukucha, na chini yake jalada lilikuwa zima, lenye picha ya mbuni, wino bado mweusi. Nikanyoosha mkono nikampa Wangui koti lake bila kugeuza kichwa. Nilikuwa na mbuni wangu.

"Saadia, cheki," Wangui akasema. "Ni kalenda ya duka la hapa hapa Kajiado."

Nikatazama ili tu asinisumbue tena.

Alikuwa baba.

Ilikuwa nusu ya kalenda. Mwalimu aliikata katikati kwa mkasi ili kila kitabu kipate koti lake. Jina la duka lilikatika, ikabaki STORE, KAJIADO. Lakini yeye alikuwepo, uso wake mzima, ameegemea upande mmoja, kofia kichwani, anamtazama mpiga picha kama mtu anayedaiwa. Pua yake ilikuwa yangu. Hiyo pua nimeilalamikia maisha yangu yote.

"Huyu ni Aabo," nikasema.

Mwalimu akavaa miwani. "Ehe, huyo ni Hassan wa duka. Wewe ni wa Hassan, nakerai, mtoto wangu? Mbona hukusema?"

Wangui aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Nilimwona anaitaka. Mkusanyaji akikitaka kitu, namjua. Macho yanakuwa mazito. Lakini aliinyoosha kwangu.

"Chukua," akasema. "Hii ni yako."

"Hapana," nikasema. "Sheria ni sheria. Haina mgongo."

"Uko sure?"

"Niko sure."

"Haya basi, sawa," Wangui akasema, akaitia kwenye faili lake la plastiki na kulifunga.

Nikakaa pale nikingoja.

Sijui kama nitaweza kulieleza hili. Nyumbani kwetu, kitu cha maana hakipokewi mara ya kwanza. Unakikataa. Mwenye kutoa anasisitiza. Unakataa tena, kwa nusu moyo sasa, na anakutilia mkononi kwa nguvu, ndipo unapokea huku ukilalamika. Hapana ya kwanza ni adabu tu. Nilikuwa nimeshaanza kuitayarisha ya pili. Lakini Wangui alikuwa amekwishageuka kumuuliza Mwalimu kama ana tiketi za zamani za treni.

Na nilipaswa kujua. Nilipokwenda kwao mara ya kwanza, mama yake aliniuliza kama niongezewe githeri. Nikasema hapana, nimeshiba, na sahani ikaondoka. Nilishinda mchana kutwa na njaa, natabasamu. Kwao mtu akisema hapana wanamheshimu, wanamwacha. Wangui aliniheshimu pale barazani.

Nilimchukia kwa sababu hiyo njia nzima ya kurudi.

Sasa fikiria yaliyofuata. Aliiweka ndani ya plastiki nzuri na kuitundika juu ya kompyuta, mahali pa heshima, karibu na leseni yake ya biashara. Mtu aliyekuja kuprinti CV anamtazama baba yangu akingoja. Vijana wanaocheza gemu wanamtazama baba yangu. Wangui anamtazama kila asubuhi akifungua mlango. Mimi nilikwenda mara moja, nikakaa kwenye kompyuta yangu ya pembeni, na nikagundua kwamba nikikaa pale namwona kwa ubavu tu, kwa sababu ya taa inayong'aa kwenye plastiki. Sikunywa chai. Nilisema naumwa na kichwa, na kwa kweli nilianza kuumwa.

Halafu akaipiga skana na kuiweka kwenye blogu yake.

Blogu ya Wangui inasomwa. Hilo nalo linaniuma, nikiri nimalize. Yangu ina msomaji mmoja anayeacha maoni, na msomaji huyo ni Wangui. Yake inasomwa na watu waliotoka huku wakaenda mbali, wauguzi na madereva walioko nchi za baridi, wanaoona tiketi ya basi la zamani na kulia. Alipoiweka kalenda ile, akaandika tu, "Kuna mtu anakumbuka duka hili?" Hakutaja jina langu. Sijui kama alinificha kwa heshima au alinisahau.

Walikumbuka. Walikuja mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema yule mzee alimpimia mamake mafuta ya taa usiku wa mvua akakataa kulipwa. Mwingine alisema walikuwa wakienda dukani kwake wakitoka shule si kwa ajili ya kununua, ila kumsikiliza akiimba akipima sukari.

Sikujua kwamba baba yangu aliimba.

Nimelisoma hilo mara nyingi mpaka limepoteza maana. Mtu ambaye simjui, anayeishi mahali ambapo siwezi kupataja vizuri, ana sauti ya baba yangu kichwani mwake, na ameileta kuiweka kwa Wangui. Si kwangu. Kwa Wangui, ambaye hakuwahi hata kununua peremende dukani kwake. Nilitaka kuandika pale chini kwamba mimi ni bintiye, nikaandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Niliona nitakuwa kama mgeni anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Na kuna suala la mkono.

Katika nusu ile aliyonayo Wangui, mkono wa kulia wa baba umenyooka kuelekea pale karatasi ilipokatwa, na unaishia pale. Kiganja hakionekani. Kiko kwenye nusu nyingine. Wasomaji wa Wangui wamegeuza jambo hilo kuwa mchezo. Mmoja anasema ameshika mizani. Mwingine anasema ameegemea mlango. Mwingine anaapa kwamba palikuwa na gunia la sukari hapo siku zote.

Mimi nasema kilikuwa juu ya kichwa changu.

Nakumbuka gauni lenye mifuko. Nakumbuka jua, na kuambiwa nisipepese macho, na kiganja kizito kichwani kikinuka tumbaku na mafuta ya taa. Mama anasema hapakuwa na mtoto kwenye picha ile. Lakini Mama hakuwa dukani siku hiyo, na anapoisimulia kalenda huanza kila mara na rangi yake ya bluu, kana kwamba rangi ndiyo iliyokuwa habari. Hata hivyo aliikata kwa mikono yake kufunika vitabu vyangu. Angekata mtoto wake katikati bila kumwona? Hapo ndipo nachoka.

Nusu nyingine iko wapi, ninajua. Wangui pia anajua. Iko juu ya meza yangu, imevaliwa na sehemu ya pili.

Jioni ya siku ile tuliyorudi kutoka Kajiado Wangui alituma ujumbe. "Ukitoa ile cover ingine uniambie pliz." Nikausoma kama mwizi anavyosoma ratiba ya mlinzi. Nikasema, haya, sasa anataka na hii. Kwa sheria ni yake, maana haina mgongo. Nikivua kitabu kile na kukuta gunia la sukari, nitakuwa nimepoteza mkono uliokuwa kichwani mwangu, na sina kumbukumbu nyingine ya kuguswa naye. Nikivua na kujikuta, basi nami nitakwenda kutundikwa kwenye saiba karibu na leseni, nitazamwe na vijana wa gemu. Baba na mimi tutakuwa makaratasi ya Wangui. Sijamjibu mpaka leo. Ametuma mwingine kuuliza kama naumwa. Huo nao sijaujibu.

Nimekuwa na kitabu ambacho ningeuza figo nikipate, na sijakisoma hata ukurasa. Mbuni yuko kabatini. Wivu umenilia hata mbuni wangu.

Leo asubuhi, nikiwa bado natazama meza, jirani yetu amepita kumsalimia Mama. Mama amemfungia sambusa za jana ampelekee mumewe. Jirani akasema hapana, wallahi hapana, wameshapika. Mama akazisukuma. Jirani akazirudisha. Mama akamshika mkono na kumtilia kifurushi chini ya mtandio kwa nguvu kama polisi. Jirani akaenda akilalamika na akitabasamu, na hakuna aliyekosewa.

Nikacheka peke yangu, mara ya kwanza siku nyingi. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilimwona Wangui pale barazani kwa Mwalimu, mikono miwili imenyooka, anatoa kitu anachokitaka kuliko vyote. Alinipa. Nusu ya kalenda adimu kuliko zote Kajiado, na alinipa kabla sijaomba. Aliniuliza na mara ya pili kama niko sure. Nikamwambia niko sure. Angefanya nini zaidi, na kwao hapana ni hapana?

Wivu haujaisha. Nisijidanganye. Hata sasa naandika haya najua kuna mtu atakayekwenda kwake kesho kuprinti kitu na kumtazama baba, na roho inanisokota. Lakini nimeona kwamba nimekaa na koti moja na hofu, naye amekaa na koti moja na swali, na hakuna kati yetu mwenye kalenda.

Nilipotoka nyumbani nilipitisha ukucha kwenye ukingo wa koti la sehemu ya pili. Gundi imekauka, litatoka bila shida. Nililiacha.

Nimesema blogu hii ina msomaji mmoja. Basi acha niache kujifanya naandikia hewa.

Wangui, siumwi. Kitabu kiko mezani, kimevaa koti lake bado. Nataka ukivue wewe, maana ukucha wako una subira kuliko wangu, na mimi nitakuwa nimefumba macho. Uniambie kama kuna gunia. Uniambie kama kuna gauni lenye mifuko. Mama atapika, na usiposhiba sema umeshiba uone kitakachokupata.

Njoo na ile nusu yako. Tuziunganishe tumwone mzima hata kwa jioni moja, iwe ya nani iwe ya nani.

Na kabla hujaondoka, uniambie tena chukua. Nitasema hapana. Nitakwambia sheria ni sheria, haina mgongo, nitakwambia niko sure. Usinisikilize. Sema tena.